Amplifaya Katika Kebini ya Kirikuu

Dereva wa Kirikuu amekaa juu ya injini. Inua kiti cha Suzuki Carry, pikapu ndogo tunayoiita Kirikuu, na utakuta mfuniko, na chini ya mfuniko huo injini ya sentimita za ujazo 660 inayochapa kazi kutwa nzima. Sababu iko Japani, kwenye sheria ya magari madogo. Tangu 1998 gari la daraja hili haliruhusiwi kuzidi mita 3.4 kwa urefu, mita 1.48 kwa upana na mita 2 kwa kimo. Wahandisi walitaka bodi ya mizigo iwe ndefu kadiri inavyowezekana ndani ya mita hizo tatu na ushee, basi injini wakaisukuma chini ya viti na kebini wakaibana mbele kabisa. Hakuna buti, hakuna kiti cha nyuma, na mgongo wa dereva unakaribia kugusa bati la nyuma.

Humo ndani watu wanataka muziki, tena wana haki ya kuutaka. Anayepakia vitunguu alfajiri na kumaliza siku kwa kuhamisha makochi ya watu anaishi kwenye kebini hiyo kuliko anavyoishi sebuleni kwake. Na redio iliyokuja na gari mara nyingi haimfai tangu siku ya kwanza: redio za Japani zimetengenezwa kwa masafa ya FM yanayoanzia megahezi 76 na, kwa nyingi za zamani, kuishia 90, wakati stesheni zetu zimetawanyika kuanzia 88 hadi 108. Kwa hiyo mmiliki mpya anaanzia kwenye duka la redio za magari, na akishafika hapo, safari ya kuelekea kwenye amplifaya na sabufa imekwisha kuanza.

Dukani ataulizwa anataka wati ngapi. Ataonyeshwa maboksi yaliyoandikwa 1000, 2000, 3000. Naamini swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Katika kebini ndogo kiasi hiki, swali linalotangulia ni wapi amplifaya itakaa, joto lake litatokea wapi, na umeme wake utapita njia gani. Mtu akilijibu hilo kwa makini, wati zenyewe zinajipanga, na mara nyingi zinakuwa chache kuliko alizotaka kuuziwa.

Tuanze na redio yenyewe. Umeme wa gari linalounguruma ni kama volti 14.4. Redio ya kawaida haina kifaa cha kuipandisha volti hiyo, kwa hiyo mawimbi inayoyapeleka kwenye spika hayawezi kupanda juu ya hapo. Spika ya gari ina ukinzani wa omu 4. Chukua 14.4, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa mara mbili ya ukinzani, na utapata wati zisizofika 26. Huo ndio mwisho wa nadharia kwa kila spika. Vifaa vya ndani vikishakula sehemu yake hubaki wati 18 hadi 20. Maandishi ya "50W x 4" kwenye uso wa redio ni kilele cha kufumba na kufumbua, hayaelezi nguvu inayodumu.

Amplifaya inaivuka dari hiyo kwa kuijengea dari nyingine. Ndani yake mna transfoma ndogo ya duara iliyoviringishiwa waya wa shaba, na transista zinazoukata umeme wa betri na kuurudisha makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili transfoma iweze kuupandisha. Upande wa pili unatoka umeme wa volti 25, 30 au zaidi, wa chanya na wa hasi. Sasa mawimbi yana nafasi ya kupanda na kushuka, na wati 75 au 100 kwa spika moja zinawezekana. Lakini hakuna kifaa kinachogeuza umeme wote kuwa sauti. Kinachobaki ni joto, na joto hilo litaachiwa ndani ya kebini ambayo sakafu yake tayari inapashwa na injini.

Hapa aina ya amplifaya ina uzito kuliko namba ya wati. Amplifaya za mtindo wa zamani, zile za daraja AB, zinaiendesha transista ikiwa nusu wazi: sehemu ya umeme inakwenda kwenye spika, sehemu inazuiwa na transista na kuwa joto. Hata katika hesabu safi kabisa ya daraja B, ambalo AB ni jamaa yake, ufanisi hauvuki asilimia 78.5, na hiyo ni pale tu inapopiga kwa nguvu zote. Muziki haupigi kwa nguvu zote muda wote. Una vishindo na una utulivu, na wastani wake huwa kama moja ya nane ya kilele. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Amplifaya ya wati 300 inayotoa wastani wa wati 37 za muziki itakuwa, kwa hesabu hiyohiyo safi, na ufanisi wa asilimia 28 tu. Inavuta wati zaidi ya 130 kutoka kwenye betri na karibu 100 kati ya hizo zinageuka joto. Ni kama kuwasha balbu ya zamani ya wati 100 nyuma ya kiti na kuiacha iwake safari nzima.

Daraja D linafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Transista zake haziachwi nusu wazi. Zinafungwa na kufunguliwa kikamilifu, mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mfunguo ndio unaobeba umbo la sauti. Koili na kapasita mwishoni zinalainisha mapigo hayo na kurudisha wimbi la muziki. Transista iliyofunguliwa kabisa karibu haina volti yoyote juu yake, na iliyofungwa kabisa haipitishi ampea; katika hali zote mbili joto ni dogo. Ufanisi wa asilimia 80 na zaidi ni wa kawaida kwa nguvu kubwa, na hata kwa sauti ya wastani bado unabaki mbali juu ya AB. Zipo za aina hii zinazotosha kushikwa kwa kiganja. Kwa kebini ya Kirikuu sioni sababu ya kufunga nyingine.

Sasa mahali. Chini ya kiti, ambako ndiko wengi wanakokimbilia kwenye magari mengine, hapa hapafai. Ni juu ya injini. Pia mfuniko ule lazima ufunguliwe kila fundi anapotaka kufika kwenye plagi na vitu vingine vya injini, na kila mara waya zitavutwa, zitakunjwa, hatimaye zitakatika. Kwenye dari hakufai: hewa ya moto ndiyo inayokaa juu, na kitu kizito juu ya vichwa vya watu ni hatari. Kwenye bodi ya nyuma kuna mvua, vumbi na magunia.

Zinabaki sehemu mbili. Moja ni ukuta wa nyuma wa kebini, nyuma ya kiti cha abiria, kama amplifaya ni nyembamba kiasi cha sentimita 4 au 5. Nyingine ni chini ya dashibodi upande wa abiria, juu kidogo ya miguu, imebanwa ubavuni. Mimi napendelea ya pili kwenye gari lenye kiyoyozi, kwa sababu hewa ya huko chini ndiyo yenye ubaridi, mradi uwe umehakikisha bomba la maji ya kiyoyozi halivuji upande huo. Kwenye gari lisilo na kiyoyozi, ukuta wa nyuma ni sawa. Toyota Hilux ya kebini moja ni rahisi zaidi: nyuma ya kiti chake kirefu kuna nafasi ya kusimamisha amplifaya kubwa kiasi, na shida pekee ni kutofunika jeki na spana ya magurudumu.

Popote utakapoiweka, yatazame mapezi yake ya alumini. Mapezi yanapoozwa na hewa inayopanda, kwa kuwa hewa iliyopashwa huwa nyepesi kuliko iliyo jirani yake. Mapezi yakisimama wima, hewa ya ubaridi inaingia chini, inapita katikati yake ikibeba joto, na kutokea juu bila feni yoyote. Yakilazwa kwa upana, kila pezi linakuwa dari kwa lililo chini yake na hewa inakwama. Ukiigeuza amplifaya kichwa chini, mapezi yakitazama sakafu, ni vibaya zaidi: joto halina pa kwenda ila kurudi kwenye vifaa vyenyewe. Iachie nafasi ya sentimita 5 mbele ya mapezi, na usiifunike kwa zulia wala koti la mvua. Zulia huonekana jambo dogo, lakini kazi yake ni kuzuia joto lisipite, na hiyo ndiyo kazi usiyoitaka.

Jua nalo lina hesabu yake. Mwaka 2005 jarida la matibabu la Pediatrics lilichapisha kazi ya watafiti wa Marekani waliopima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kwa saa moja lilipanda kwa wastani wa nyuzi 22 hivi za Selsiasi juu ya joto la nje, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilitokea katika nusu saa ya kwanza. Lengo lao lilikuwa usalama wa watoto wanaoachwa garini, na hilo kila mzazi alishike. Lakini namba zilezile zinaihusu amplifaya. Dar es Salaam ya Januari inafika nyuzi 32 mchana. Kirikuu iliyosubiri mzigo juani kwa saa moja inaweza kuwa na hewa ya nyuzi 54 ndani. Dereva anaingia, anawasha gari, anafungua muziki. Amplifaya inaanza kazi kutoka hapo.

Transista zenyewe ni ngumu. Nyingi za aina ya MOSFET zimepewa kikomo cha nyuzi 150 au 175 ndani ya punje yake, na amplifaya nzuri hujizima mapema kabla ya kufika huko. Kinachokufa polepole ni kapasita, yale mapipa madogo yenye kimiminika ndani. Kanuni ya mafundi wa elektroniki ni kwamba kila nyuzi 10 zinapopungua, maisha ya kapasita huongezeka mara mbili, na zikiongezeka huwa nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2000 kwa nyuzi 105 itadumu saa 16,000 hivi kama inaishi kwenye nyuzi 75, na saa 8,000 tu kama inaishi kwenye 85. Tofauti ya nyuzi 10 ndiyo tofauti kati ya kuifunga wima penye hewa na kuilaza chini ya zulia. Amplifaya mbili za namna moja, zilizonunuliwa siku moja, zinaweza kutofautiana umri mara mbili kwa sababu ya mahali tu.

Usiipigie skrubu moja kwa moja kwenye bati la nyuma. Bati hilo ni jembamba, skrubu itatokea upande wa pili, na kila tundu ni mlango wa maji na kutu, hasa kwa magari ya pwani ambako hewa yenyewe ina chumvi. Tumia ubao wa plaiwudi wa milimita 12, uliopakwa rangi pande zote ili usinyonye unyevu. Epuka mbao za unga zilizogandishwa, ambazo zikipata maji huvimba na kuachia skrubu. Ubao huo ufungwe kwa bolti penye chuma kilichokunjwa au kuimarishwa, na raba katikati ya ubao na chuma kupunguza mtetemo. Springi za nyuma za gari hili ni za mabapa, ngumu, za kubebea mizigo. Gari likiwa tupu kwenye barabara ya vumbi, kila tuta dogo linafika kwenye kebini. Vitu vizito ndani ya amplifaya, kama ile transfoma ya duara, huning'inia kwenye miguu midogo ya waya iliyochomewa risasi, na mtetemo wa miezi mingi huipasua. Kwa sababu hiyohiyo amplifaya isifungwe kwenye boksi la sabufa, ingawa hapo ndipo panapoonekana parahisi: boksi hilo kazi yake ni kutetemeka.

Na ifungwe kana kwamba gari litagonga. Katika ajali, gari linaposimama ghafla, vitu ndani yake vinaweza kusukumwa kwa nguvu mara 20 ya uzito wake au zaidi. Amplifaya ya kilo 4 inakuwa na msukumo wa kilo 80, na kwenye Kirikuu kilicho mbele yake ni mgongo wa mtu. Gundi na tepu ya kubandika havitoshi. Bolti za mikanda ya usalama nazo ziachwe kama zilivyo: zisifunguliwe ili kubania ubao, zisitumiwe kushikia waya. Kazi yake ni moja.

Nimesema wati zitakuwa chache, na sababu iko kwenye sauti yenyewe. Besi ni mawimbi marefu. Katika hewa ya joto sauti inakwenda kama mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo besi ya hezi 50 ina wimbi la mita 7. Ukumbini wimbi hilo linasafiri, linasambaa na kudhoofika. Ndani ya kebini yenye upana wa mita 1.3 halina pa kusafiri. Mara tu nusu ya urefu wa wimbi inapozidi kipimo kirefu cha chumba, na kwa Kirikuu hiyo ni chini ya hezi 130 hivi, spika huacha kupeleka mawimbi na kuanza kuibana na kuiachia hewa yote ya kebini kwa pamoja. Shinikizo linapanda kadiri sauti inavyozidi kuwa nzito. Katika chumba kilichozibwa kabisa chenye kuta ngumu, nadharia inatoa ongezeko la desibeli 12 kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Kebini ya kweli ina vioo vinavyotikisika, milango yenye mianya na bati jembamba, hivyo unapata pungufu. Tuseme unapata nusu tu, desibeli 6. Desibeli 6 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara nne.

Maana yake ni kwamba wati 50 za sabufa ndani ya Kirikuu, kwenye besi ya hezi 65, zinafanya kazi ambayo mahali pa wazi ingehitaji wati 200. Kebini ndogo, ambayo tangu mwanzo tumeiona kama tatizo, imempa mwenye gari zawadi ambayo mwenye basi hana. Ongeza jambo lingine: sikio halihesabu wati moja moja. Kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, badiliko linalosikika lakini si kubwa. Ili watu wengi waseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji wati mara kumi. Anayetoka amplifaya ya 200 kwenda ya 400 analipia joto maradufu, waya mnene zaidi na altaneta inayolemewa, halafu anapata desibeli 3. Hata spika nayo ina neno: iliyo na usikivu wa desibeli 91 kwa wati moja inalingana na ile ya 88 inayosukumwa kwa wati mbili. Fedha iliyotengwa kwa amplifaya kubwa ni bora iende kwenye spika nzuri na kwenye kuziba mianya ya milango.

Tukubaliane, basi, kwa amplifaya ya daraja D ya wati 200 za kweli. Ikipiga kwa nguvu zote itavuta kama wati 250, yaani ampea 18. Hilo linavumilika. Altaneta za magari haya ni ndogo. Ukisoma ampea 40 au 50 ubavuni mwazo usishangae, na namba hiyo ni ya mzunguko wa kasi. Gari likiwa limesimama kwenye foleni, injini ikizunguka polepole, altaneta inatoa sehemu tu ya hiyo. Taa mbili kubwa za wati 55 zinakula ampea 8, bado pampu ya mafuta, feni, na umeme wa injini yenyewe. Amplifaya ya kuvuta ampea 50 ingekuwa inaimaliza betri huku gari likiwa limewashwa. Wenye maduka hupendekeza kapasita kubwa ya farad 1 kama dawa. Fanya hesabu: kapasita hiyo ikishuka kutoka volti 14 hadi 13 inatoa jouli 13.5, ambazo amplifaya inayokula wati 500 inazimaliza kwa milisekunde 27. Inasaidia kishindo kimoja cha ngoma. Haizalishi umeme.

Waya ndiyo sehemu inayodharauliwa na ndiyo inayochoma magari. Joto linalozaliwa ndani ya waya hukua kwa mraba wa ampea: zidisha ampea mara mbili, joto linakuwa mara nne. Chukua Hilux, ambayo betri yake iko mbele na amplifaya nyuma ya kiti, mita 4.5 za waya. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa soketi za nyumbani, na amplifaya inayovuta ampea 40, volti 1.2 zinapotea njiani na wati 50 zinaupasha waya unaopita chini ya zulia. Ukiweka wa milimita za mraba 16, upotevu unashuka hadi volti 0.2. Kwenye Kirikuu mambo ni mepesi kwa kuwa betri kwa kawaida huwa chini ya bodi, ubavuni mwa fremu, mita moja au mbili tu kutoka ukuta wa nyuma. Kwa ampea zetu 18, waya wa milimita za mraba 6 hadi 10 unatosha. Lakini hapo betri inarushiwa matope na kokoto, kwa hiyo waya upite ndani ya bomba la plastiki, na pale unapopenya bati uvishwe raba, la sivyo ukingo wa chuma utaukata taratibu.

Kabla ya kununua, kwangua waya kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi katikati. Ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo inapitisha umeme kwa thuluthi mbili hivi ya uwezo wa shaba halisi. Si lazima uikatae, ila waya ulioandikwa 16 uuhesabu kama 10.

Fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 30 hadi 45 za kwanza, wala si karibu na amplifaya. Amplifaya ina fyuzi zake yenyewe. Hii ya kwenye betri inaulinda waya, na kipande chochote cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Betri ndogo ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea waya wake wa chanya ukigusa bati; bila fyuzi, waya wote unakuwa kama wa heita kwa sekunde chache, na juu yake kuna zulia, sponji ya kiti na abiria. Saizi ya fyuzi ichaguliwe kwa unene wa waya. Anayeweka ya 60 kwenye waya wa 2.5 ili "isikatike katike" ameondoa ulinzi wote.

Upande wa hasi nao ni waya, hata kama ni mwili wa gari. Ampea zote zinazoingia lazima zirudi. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga kwa bolti yenye washa ya meno, kisha pakaa grisi au rangi juu yake kuzuia kutu. Waya wa ethi uwe mnene sawa na wa chanya na usizidi nusu mita. Kwenye pikapu zenye chesisi kama Hilux kuna mtego mmoja. Kebini imekalia raba juu ya chesisi ili isitetemeke, na raba haipitishi umeme. Kebini inaunganishwa na hasi ya betri kwa waya au mikanda ya chuma ambayo kiwandani ilipimiwa taa na redio. Ukitundika amplifaya ya ampea 40 kwenye bati la kebini, ampea hizo zote zinarudi kupitia mikanda hiyo iliyozeeka. Ongeza waya mwingine mnene kutoka kebini hadi hasi ya betri. Ni kazi ndogo, na nashangaa ni mara chache kiasi gani inafanywa.

Ethi mbaya ndiyo mama wa ule mlio mwembamba unaopanda na kushuka na mwendo wa injini. Altaneta hutoa umeme wa njia tatu unaogeuzwa kuwa wa moja kwa moja kwa daiodi, na mgeuzo huo hauwi laini. Unabaki na vijimawimbi. Altaneta ya kawaida ina ncha 12 za sumaku, jozi sita, na kila jozi inapopita hutoa mapigo sita. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2000 kwa dakika na puli ikiizungusha altaneta mara mbili na nusu ya hiyo, altaneta inazunguka mara 83 kwa sekunde. Mara sita, mara sita tena: hezi 3000. Hapo ndipo sikio la binadamu lina usikivu mkubwa kuliko popote, kati ya 2000 na 5000. Ndiyo maana mlio huo unaudhi kuliko nguvu yake ilivyo. Unaingia pale redio na amplifaya zinapokuwa na ethi mbili zenye tofauti ndogo ya volti, na tofauti hiyo ikapita kwenye waya za sauti kana kwamba ni muziki. Dawa yake ni kuziweka ethi hizo mahali pamoja au kwenye chuma kilichounganika vizuri. Kisha waya wa umeme upite ubavu mmoja wa kebini na waya za sauti ubavu mwingine. Mwanafizikia Ørsted alionyesha mwaka 1820 kwamba waya wenye umeme umezungukwa na nguvu ya sumaku, na Faraday mwaka 1831 kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme kwenye waya wa jirani. Waya za umeme na za sauti zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Waya mwembamba wa kuwashia amplifaya, ule wa rimoti, uunganishwe kwenye redio. Ukiunganishwa moja kwa moja na betri, amplifaya haizimiki, na hata ikiwa kimya inakunywa kama ampea 1. Betri ndogo ya ampea-saa 30 ikiachwa hivyo siku nzima na usiku wake inaweza kushindwa kuliwasha gari.

Jambo la masikio sitaki kulipita haraka, kwa sababu dereva wa Kirikuu yuko kazini saa nyingi. Kipimo kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kwa hesabu kali kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda kwa nusu: 88 kwa saa 4, 94 kwa saa moja, 100 kwa dakika 15. Injini iliyo chini ya kiti na upepo wa dirishani tayari vimechukua sehemu ya posho hiyo. Dereva akiongeza sauti ili kuizidi injini, anajumlisha kelele juu ya kelele. Kitambaa kizito cha kuzuia mlio kikibandikwa milangoni na kwenye mfuniko wa injini, mbali na vyuma vya moto, kinaishusha kelele ya chini na muziki unasikika bila kuongezwa. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena.

Kazi ikishakamilika, ipimwe kabla fundi hajalipwa. Washa injini, washa taa, fungua muziki wa besi, weka mita kwenye vichwa vya betri na kisha kwenye amplifaya. Tofauti ikizidi nusu volti kuna kiungo kibovu. Kitafute kwa kidole, kitakuwa na joto kuliko vingine. Halafu endesha saa nzima mchana, muziki ukiwa kwenye sauti yako ya kila siku, na uguse mapezi. Mkono hauvumilii chuma cha nyuzi 60 zaidi ya sekunde chache. Ukilazimika kuuondoa mara moja, ongeza nafasi nyuma ya amplifaya kwa washa au vipande vya bomba vya sentimita 2 chini ya ubao, na upime tena siku inayofuata saa ileile. Baada ya wiki mbili za barabara, kaza upya bolti ya ethi na vichwa vya betri, kwa sababu mtetemo utakuwa umevilegeza.